Kawawa wa Muhogo Mchungu: mcheza filme aliyefika kuwa waziri wa kwanza

Mashofere wa makamyo yanayobeba shaba ya Kinsevere wanajua njia ile kwa kichwa: Lubumbashi, Kasumbalesa, kisha Zambia yote mpaka Nakonde na Tunduma, Mbeya, Morogoro, na mwisho bandari ya Dar es Salaam. Wakishaachilia mzigo kule, wanangojea siku mbili, tatu, ao juma nzima. Wanazunguka mjini. Na kila mara wanajikuta kwa barabara moja kubwa inayokata Magomeni na Kinondoni, Barabara ya Kawawa. Mmoja wao, mzee wa hapa kwetu, aliniuliza juzi kama huyu Kawawa alikuwa nani, juu kule Dar kila mtu anataja jina lake kwa kuonyesha njia, lakini hakuna aliyemuelezea mtu mwenyewe.

Bon, nilimuahidi nitatafuta, na jibu njo hili.

Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa waziri wa kwanza wa Tanganyika, kiisha makamu wa raisi, tena waziri wa kwanza wa Tanzania, waziri wa ulinzi, na katibu mkuu wa chama. Mambo haya yako katika vitabu vya masomo kule Tanzania. Mimi nataka kuanza na jambo ambalo watu wanalipita mbio mbio: mbele ya kuingia siasa, alikuwa mcheza filme. Tena filme ya kuchekesha. Mtu wa kwanza ambaye raia wengi wa Tanganyika walimuona akicheza kwa Kiswahili juu ya kitambaa cheupe, usiku, katikati ya kijiji, njo ule ule aliyekuja kukaa katika kiti cha serikali miaka kumi nyuma.

Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa tano 1926 kule Matepwende, upande wa Songea, kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Rashidi alikuwa mtoto wa kwanza, na nyuma yake kulikuwa wadogo wengi. Alisoma, akapelekwa Dar es Salaam, kisha akaingia masomo ya serikali ya Tabora. Tabora ilikuwa masomo ya vijana wenye akili. Julius Nyerere alipita pale pale mbele yake. Kwa kawaida, kijana aliyemaliza Tabora vizuri alikuwa anaangalia Makerere, kule Uganda. Kawawa hakwenda. Baba alikuwa anazeeka, wadogo walikuwa wanahitaji mtu wa kuwalipia masomo, na mtoto wa kwanza akaenda kutafuta kazi. Kila jamaa hapa kwetu iko na mtu sawa yule, kaka mukubwa aliyeacha masomo yake kusudi wengine wasome. Tunamshukuru siku ya sikukuu, kiisha tunamsahau.

Akawa karani, halafu akapata kazi katika idara ya maendeleo ya jamii. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, na kutembea na habari za serikali kwa raia. Pale njo alipokutana na filme.

Inafaa tukumbuke wakati ule ulikuwa namna gani. Tanganyika haikuwa na televizyo. Zanzibar ilipata yake katika 1973, na Tanzania bara ilingoja mpaka 1994. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 televizyo ya mwanakijiji ilikuwa motokari ya serikali inayofika jioni na mashine ya sinema, jenereta, na kitambaa cheupe cha kutundika. Watu wanakaa chini kwa udongo, watoto mbele, wazee nyuma na viti vyao. Bila kulipa. Wazee wetu wa kambi za Union Minière wanajua maisha yale, juu na hapa sinema ilikuwa inapita kambi kwa kambi, na mapadri walikuwa na filme zao. Nani katika wazee hajasikia juu ya Matamata na Pilipili, ule mnene na ule mwembamba, ambao Padri Albert Van Haelst alikuwa anawapiga filme kule Kasaï? Mufwankolo na kikundi chake walikuja nyuma, kwa radio na kwa televizyo, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Lakini kamba ni ile ile moja: watu wa kawaida wanajiona wenyewe, wanasikia luga yao, na wanacheka.

Kule Tanganyika serikali ya Waingereza ilipatana na kampani ya Afrika ya Kusini, African Film Productions, itengeneze filme kwa Kiswahili, na Waafrika wenyewe wacheze ndani. Mbele ya pale raia walikuwa wanaonyeshwa filme za kutoka mbali, na watu wa farasi na bunduki, ao filme za mafundisho: chimbeni choo, limeni hivi, mchemshe maji. Mambo mazuri, lakini hakuna mtu anayetembea kilometa tano usiku kwenda kuangalia choo. Safari hii walitaka hadithi. Wachezaji hawakuwa watu waliosomea kazi ile. Na karani Kawawa, kijana wa miaka ishirini na kitu, akawa mchezaji wa mbele. Aliandika pia hadithi za kucheza. Ile inayokumbukwa zaidi inaitwa Muhogo Mchungu. Kuna nyingine, Chalo Amerudi, lakini Muhogo Mchungu njo iliyobaki na jina lake.

Hadithi ni nyepesi. Mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam. Hajui mji, anaamini kila anayemuchekea, na wajanja wa mji wanamzungusha namna wanavyotaka. Basi. Mtu yeyote aliyemuona ndugu kutoka kijijini akishuka kwa kamyo pale Kenya ao Katuba kwa mara ya kwanza, na mzigo wake kichwani, anaelewa kicheko kinatoka wapi. Ata jina la filme mama wa kwetu analielewa pasipo kuelezewa. Muhogo mchungu unafanana na mwingine wote kwa macho. Usipoulowanisha kwa maji siku kadhaa mbele ya kuuanika na kuutwanga, unakuua. Mji njo ule muhogo.

Sasa angalia jambo lililofichwa ndani ya kicheko. Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa inajaa vijana wanaotoka vijijini kutafuta kazi, na Waingereza waliwaogopa. Vijana wasio na kazi walikuwa wanakamatwa na kurudishwa kwao kwa nguvu. Hapa Elisabethville ilikuwa vile vile: bila karatasi ya ruhusa, mtu wa kijiji hakuwa na haki ya kukaa mjini. Kwa hiyo filme ya mtu wa shamba anayedanganywa mjini haikuwa ya kuchekesha tu. Ilikuwa inasema polepole kwamba Mwafrika mahali pake ni shambani, na mji si wake. Polisi walikuwa wanasema jambo hilo na fimbo. Filme ililisema na kicheko. Na aliyelipwa kulisema, kwa uso wake na sauti yake, alikuwa Kawawa.

Sidhani alikuwa mjinga wa jambo hilo. Lakini kile walichomlipa nacho kilizidi mushahara. Uso wake ulijulikana. Alijifunza kusimama mbele ya watu wengi, kusema Kiswahili chepesi ambacho mchukuzi wa bandari na mzee wa kijiji wanasikia wote, na kungojea watu wamalize kucheka mbele ya kuendelea. Kwa mwanasiasa, masomo haya hayapatikani Makerere.

Katika 1953 alitumwa Urambo, upande wa Tabora, kufanya kazi na Wakikuyu waliofungwa kambini juu ya vita ya Mau Mau kule Kenya. Hapa hakuna cha kuchekesha. Alikaa na watu waliotolewa kwao, na nafikiri alirudi Dar akiwa mtu mwingine. Alikuwa tayari kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kiisha, katika 1955, masendika ya wafanyakazi ya Tanganyika yaliungana kuwa shirikisho moja, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Kawawa.

Watu wa Kinsevere, mtaelewa jambo hili vizuri kuliko watu wa Kinshasa. Wakati ule sendika ilikuwa ni kucheza na moto. Sisi tunakumbuka tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kuomba mushahara wakapigwa risasi kwa uwanja hapa Elisabethville. Kule Tanganyika, mtumishi wa serikali hakuwa na ruhusa ya kuingia TANU, chama cha Nyerere kilichoanza 1954. Kwa hiyo katika 1956 Kawawa aliacha kazi ya serikali, na pamoja nayo mushahara, nyumba na filme. Akaenda kusimama na watu wa bandari, wapishi wa mahoteli, watumishi wa nyumba za Wazungu. Katika 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar walipogoma, raia waliombwa wasikunywe bia ile mpaka mambo yatengenezwe, na wengi waliacha. Mwenye kujua Lubumbashi atapima mwenyewe uzito wa ombi lile.

Kwa hiyo mtu ambaye serikali ilimchagua kuonyesha kwamba mji si wa Mwafrika, njo aliyesimama kusema kwamba mji unajengwa na Mwafrika, na inafaa alipwe. Kwangu mimi hapa njo moyo wa maisha yake yote, na pia mwiba wake, tutaona mbele kidogo.

Mambo yalikwenda mbio. Aliingia katika baraza la kutunga sheria, katika 1960 akawa waziri, na tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961 Tanganyika ikapata uhuru. (Tarehe 9, miaka makumi mbili kamili nyuma ya risasi za Elisabethville. Ni bahati ya kalenda tu, lakini mimi inanigusa.) Juma sita baadaye Nyerere akafanya jambo ambalo viongozi hawafanyi: akaacha kiti cha waziri wa kwanza kusudi aende kutengeneza chama kwa raia. Tarehe 22 mwezi wa kwanza 1962 kiti kile kikachukuliwa na Kawawa. Alikuwa na miaka 35.

Hebu tuangalie kwetu mwaka ule. Katanga ilikuwa imejitenga, Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa mwaka uliotangulia, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa mjini, na kila mwenye kiti alikuwa anakishika na mikono miwili na bunduki. Kule Dar, Kawawa alishika kiti miezi karibu kumi na moja. Inchi ilipokuwa jamhuri, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1962, Nyerere alirudi kama raisi, na Kawawa akawa makamu wake. Hakukuwa fujo wala askari. Wengine wanasema alikuwa kivuli tu cha Nyerere. Mimi naona kumuachia mwenzako kiti cha namna ile, katika mwaka ule, katika Afrika ile, si kazi ya kivuli.

Lakini sitaki kumpakaa mafuta. Katika miezi ile ile kumi na moja, serikali yake ilipitisha sheria zilizofanya mgomo kuwa karibu haiwezekani, na sheria nyingine ya kumfunga mtu pasipo kumpeleka mbele ya muamuzi. Katibu mkuu wa sendika wa 1955 njo mwenyewe aliyefunga mlango wa mgomo katika 1962. Jibu la serikali lilikuwa kwamba inchi ni changa, ni maskini, na kila mgomo unaumiza wote. Katika 1964, nyuma ya askari kuasi kule Dar, shirikisho la masendika lilivunjwa na kuwekwa sendika moja tu, chini ya mkono wa serikali. Wafanyakazi waliomshangilia Kawawa kwa uwanja, sijui kama walicheka siku ile.

Mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Karume wa Zanzibar akawa makamu wa kwanza wa raisi, na Kawawa makamu wa pili. Na katika kazi ile alifanya jambo ambalo mimi, kama mtu wa radio, namshukuru nalo: katika 1967 aliagiza kwamba kazi zote za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Barua, mikutano, maofisi. Mchezaji wa Muhogo Mchungu alijua kwamba raia asiposikia luga, haoni filme, anaona picha tu. Hapa kwetu Kiswahili ni luga ya taifa katika katiba, lakini ukienda kwa ofisi unajua karatasi watakupa katika luga gani.

Katika 1972 akawa waziri wa kwanza tena, mpaka 1977 Edward Sokoine alipochukua nafasi. Na hapa unakuja ule mwiba. Mwishoni mwa 1973 Nyerere aliagiza raia wote wa mashambani wahamie katika vijiji vya ujamaa mbele ya 1976 kuisha. Mukubwa wa serikali ya kutekeleza agizo lile alikuwa Kawawa. Mamilioni walihamishwa. Wengine walikwenda kwa mapenzi, juu waliahidiwa masomo, maji na zahanati, na mahali pengi vitu vile vilifika kweli. Wengine walibebwa kwa makamyo na vitu vyao, na nyuma yao nyumba zilibomolewa ao kuchomwa moto kusudi wasirudi. Mashamba waliyoyajua yakabaki mbali. Wakati ule ule njaa ilipiga inchi, na serikali ikanunua chakula ngambo kwa feza nyingi.

Kijana aliyecheza mtu wa shamba anayeambiwa mahali pake pa kukaa, sasa njo yeye aliyekuwa anawaambia watu wa shamba mahali pao pa kukaa. Waingereza walifanya vile kwa kulinda mji wao; Kawawa na wenzake waliamini wanajenga inchi ya usawa. Ni tofauti kubwa, siikatai. Lakini mama anayeangalia paa ya nyumba yake ikiungua haulizi sana nia ya aliyetoa agizo.

Nyuma ya pale alikuwa waziri wa ulinzi wakati wa vita na Idi Amin, 1978 na 1979, na kutoka 1982 mpaka 1990 katibu mkuu wa CCM. Watu walimuita Simba wa Vita. Bibi yake Sofia, kiongozi wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, alikuwa mwanasiasa kwa haki yake mwenyewe. Katika 1988 maneno yake juu ya sheria ya ndoa na wake wengi yaliwasha maandamano kule Zanzibar. Alikufa 1994. Katika miaka mingi ile, mtu mwingine aliyejificha Dar es Salaam na kungojea saa yake alikuwa wa kwetu, Laurent-Désiré Kabila. Mji ule muchungu ulilea wengi.

Jambo moja hakuna aliyemsingizia Kawawa: utajiri. Alishika kazi kubwa kwa miaka makumi tatu, na kila alipoambiwa aondoke kwa kiti hiki akae kwa kile cha chini, alikaa. Kutoka makamu wa raisi na waziri wa kwanza kwenda waziri wa ulinzi, kwa wengine ingekuwa sababu ya kununa, ao ya kutafuta askari. Yeye alivaa kofia yake asubuhi akaenda kazini.

Alikufa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2009, katika hospitali ya Muhimbili, akiwa na miaka 83. Alizikwa Madale, pembeni ya Dar es Salaam, kwa shamba lake. Mtu aliyejulikana na filme ya kuchekesha juu ya hatari za mji aliishia pale mji unapokutana na mashamba, ijapokuwa leo nyumba zimekwisha kufika kule pia.

Nilimsomea shofere wetu maandiko haya jana jioni, mbele ya kupakia mzigo. Habari za vijiji alizisikiliza kimya. Ya bia ilimchekesha sana. Lakini aliyotaka kurudiliwa ni ya filme. Anasema safari hii, akifika Dar, ataulizia Muhogo Mchungu kwa vijana wanaouza filme pale Kariakoo, na kama wanayo atatuletea.

Nilimpa kifunguo cha USB. Tunamngojea.